Trekta la Lusungu

Andongwisye alipostaafu kazi ya posta pale Tukuyu, kitu cha kwanza alichomwambia mkewe ni kwamba kiinua mgongo chake hakitaishia dukani. Wenzake waliotangulia kustaafu walikuwa wamekimbilia huko wote, maana biashara ya watu binafsi ilikuwa imefunguliwa na kila aliyepata chochote alijiona mfanyabiashara. Walifungua vibanda vya mitumba, vibanda vya soda, mashine za kusaga zilizotazamana mlango kwa mlango. Vingi vilikuwa vimeshapigwa kufuli. Yeye alitaka trekta dogo. Alitaka moja tu, imara, la kulima viazi na mahindi yao nyumbani kule Kyimo na kuvuta tela la ndizi mpaka barabara kuu, na liendelee kufanya hivyo mpaka siku atakayozikwa.

"Sitanunua jingine baada ya hili," alisema. "Hili ndilo la uzeeni."

Mkewe, Atuganile, alikuwa amekaa jikoni akimenya ndizi za mchana. Hakuinua macho. "Basi ulizia kwa watu wanaojua. Lusungu anauza matrekta madogo Mbeya, pale Mwanjelwa. Ya Kijapani."

Kisu kiliendelea na kazi yake, maganda yakaendelea kudondoka. Lakini Andongwisye alikuwa amelipokea jina lile kama mtu anayesikia mlango wa uani ukifunguliwa ndani ya nyumba aliyojua imefungwa.

"Umejuaje?"

"Nilimkuta msibani Mpuguso. Tulizungumza."

Hakuuliza walizungumza nini. Alitoka nje akasimama kwenye migomba, akajifanya anakagua mkungu ambao hata haujaanza kukomaa.

Jambo lenyewe lilikuwa la zamani, la miaka ya uhuru. Lusungu ndiye aliyetangulia kupeleka ng'ombe kwa baba yake Atuganile. Ng'ombe walikaa zizini msimu mzima, na watu walikuwa wameshaanza kumwita Atuganile mke wa Lusungu, ndipo Andongwisye alipotokea na suruali yake ya kaki ya posta na mshahara wa kila mwezi. Mzee akapima. Ng'ombe wa Lusungu wakarudishwa, wa Andongwisye wakaingia. Lusungu akaenda Zambia kwenye migodi ya shaba, akakaa huko miaka mingi, akajifunza ufundi wa mitambo. Siku ya harusi Andongwisye alikuwa na furaha isiyo na doa. Doa lilikuja baadaye, polepole, kadiri alivyoelewa kwamba aliyemchagua ni mzee. Binti hakuulizwa. Na yeye mwenyewe, katika miaka yote ile ya kulala naye, kuzaa naye watoto na kuwaoza, hakuwahi kuuliza pia. Aliogopa jibu.

Sasa watoto wote walikuwa wamekwenda kwao. Tulia, wa kwanza, alikuwa ameolewa Iringa. Nyumba ilikuwa kimya, na ndani ya kimya hicho jina la Lusungu lilikuwa limeingia na kuketi.

Siku zilizofuata alianza kuona mambo. Atuganile alikuwa ameshona kitenge kipya. Kwa msiba gani? Alikuwa akiimba wakati wa kufua. Aliimba hivyo siku zote, au ameanza karibuni? Andongwisye aligundua kwamba hajui. Alikuwa ameondoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni karibu maisha yake yote ya ndoa, na sasa alipokuwa akishinda hapo alimtazama mkewe kama mgeni anayetazama desturi za watu.

Mwishowe alipanda basi kwenda Mbeya. Alijiambia kwamba anakwenda kuangalia trekta.

Uwanja wa Lusungu ulikuwa nyuma ya soko, umezungushiwa mabati, na ndani yake matrekta madogo mekundu na ya rangi ya chungwa yalikuwa yamepangwa kwa mstari. Yalikuwa yameshalima mpunga kwao Japani kabla ya kupakiwa melini. Lusungu alitoka chini ya mojawapo akijifuta mikono. Alikuwa amenenepa kidogo, mvi zimemkaa vizuri, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko wa Andongwisye. Hilo ndilo alilolitambua kwanza.

"Andongwisye," Lusungu alisema, akampa mkono uliokuwa bado na oili. "Karibu. Atuganile hajambo?"

Alisema Atuganile. Hakusema mama Tulia, wala shemeji. Alilitamka jina tupu, kama mtu aliyelizoea mdomoni.

"Mama Tulia hajambo," Andongwisye alijibu.

Kama Lusungu alisikia kisu kilichokuwa ndani ya maneno hayo, hakuonyesha. Alimpitisha kwenye mstari wa matrekta akizungumza taratibu. Alimwambia asitazame rangi, rangi hupakwa hata juu ya kutu. Atazame kama vipuri vyake vinapatikana, na kama fundi wa kawaida wa Tukuyu anaweza kuifungua injini na kuifunga bila kupiga simu kwa mtu. Amwage oili aione ina rangi gani. Aliwashe asubuhi likiwa limelala nje kwenye baridi, maana trekta linalowaka vizuri saa saba mchana mjini Mbeya laweza kukataa kabisa kuwaka Kyimo alfajiri ya mwezi wa saba.

"Na jambo kubwa," Lusungu alisema, "usinunue trekta la mwanaume uliye leo. Nunua la mzee utakayekuwa. Utaweza kulipanda ukiwa na miaka sabini? Utaweza kukanyaga klachi yake?"

Alisimama mbele ya moja dogo, jekundu, lenye magurudumu mapana yaliyoachana. Magurudumu yote manne yalikuwa yanavuta. Kiti chake kilikuwa chini, mtu angeweza kukaa bila kuruka.

"Hili," alisema. "Shamba lenu lina mteremko, na hili halipinduki ovyo. Linapita katikati ya migomba. Klachi yake ni laini. Kwa goti lako la kushoto, usihangaike na mengine."

Andongwisye alikuwa ameshaweka mkono kwenye usukani. Aliuondoa.

Goti la kushoto lilikuwa siri yake. Lilianza kumsumbua mwaka wa mwisho wa kazi, na hakuwa amemwambia mtu ofisini wala kanisani. Alitembea akiwa amekaza meno ili asionekane anachechemea. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyelijua goti lile, ndiye aliyelikanda kwa maji ya moto jioni, mlango ukiwa umefungwa.

"Nani amekwambia nina goti bovu?"

"Atuganile alinieleza msibani. Alikuwa akiniuliza ni trekta gani litakufaa."

Basi la kurudi lilipanda milima na kushuka, na Andongwisye aliona kila kitu isipokuwa barabara. Aliwaona wawili hao wamekaa pembeni ya uwanja wa msiba, vichwa vimekaribiana, wakizungumzia goti lake. Aliuona mkono wa mkewe ukionyesha mahali penyewe: hapa, chini kidogo, hapa ndipo panapomuuma mume wangu. Labda walicheka. Labda Lusungu alisikitika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Trekta jekundu lilikuwa zuri. Alilijua hilo mara tu alipoliona, na kwa sababu hiyohiyo aliapa hataligusa tena.

"Vipi?" Atuganile aliuliza alipofika.

"Vile ni vitu vya kuchezea watoto," alisema. "Nimeona kwa Abubakary kuna trekta la kweli."

Abubakary alikuwa mfanyabiashara wa mchele pale Tukuyu, mtu wa msikitini, mkweli kwa mizani yake. Zamani alikuwa akilima mpunga kule Kyela kwa trekta kubwa la bluu. Sasa alikuwa akinunua mchele wa wengine, na trekta lilikuwa limekaa nyuma ya ghala likisubiri mtu. Lilikuwa refu. Mtu akikaa juu yake aliona paa za nyumba.

"Mzee Andongwisye," Abubakary alisema, "mimi ni muuzaji na nataka ununue kwangu. Lakini hili ni la tambarare, na wewe unakaa mlimani. Lichukue kwanza ulijaribu. Dereva wangu Meshaki atakuletea. Likikufaa tutazungumza, lisipokufaa unirudishie, hatutagombana."

Andongwisye alimsikia, lakini moyoni alikuwa akilipima trekta kwa kipimo kingine. Lilikuwa kubwa mara mbili ya lile la Lusungu. Lingenguruma watu wa Kyimo watoke nje. Na Atuganile atatoka pia.

Walitoka kweli. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza na usiku uliopita ilikuwa imenyesha sana, udongo mweusi umelainika na majani yanateleza. Meshaki, mtu mzima aliyezoea kazi yake, alilisimamisha trekta pale njia inapoacha barabara na kuteremka kwenda shambani. Akashuka, akaitazama njia, akatikisa kichwa.

"Mzee, tungoje jua likaushe kidogo."

Majirani walikuwa wamesimama upande wa pili wa njia. Atuganile alikuwa mlangoni, mikono ameifunga kifuani, amevaa kile kitenge kipya.

"Niachie mimi," Andongwisye alisema.

"Umewahi kuendesha trekta?"

"Nimeendesha Land Rover ya posta."

Alipanda kwa shida, akijivuta kwa mikono ili goti lisionekane. Huko juu upepo ulikuwa mwingine. Aliwaona majirani kutoka juu, akamwona mkewe akiwa mdogo pale mlangoni, na kwa muda mfupi alijisikia kama siku ile ng'ombe wake walipopita njiani kuingia kwa baba mkwe huku watu wakitazama. Akatia giya, akaachia klachi, trekta likaanza kuteremka.

Mwanzoni lilikwenda vizuri. Kisha magurudumu ya nyuma yakapata majani mabichi na uzito wote ule ukaanza kwenda wenyewe. Alikanyaga klachi. Ilikuwa ngumu kama kusukuma ukuta, na goti la kushoto likakamaa, maumivu yakapanda mpaka nyongani, mguu ukakataa. Hakuweza kukanyaga zaidi wala kuuondoa. Trekta likaacha njia, likaingia kwenye migomba, migomba ikaanguka mmoja baada ya mwingine kwa sauti laini ya maji, pua ikaegemea kushoto, gurudumu moja la nyuma likainuka. Alimsikia Meshaki akipiga kelele kwamba aruke. Hakuruka. Alishika usukani akifumba macho, na alichokifikiria wakati huo, kama alivyokiri baadaye kwa aibu, ni kwamba Lusungu atakuja kwenye mazishi.

Mparachichi mkubwa uliokuwa mwisho wa shamba ulilipokea trekta kwa kishindo. Injini ikazimika.

Meshaki alimshusha kwa kumbeba. Hakuwa ameumia, ila mguu haukutaka kusimama. Majirani walikuja, wakasema pole, wakatazama migomba iliyolala, wakaondoka kwa heshima bila kusema walichokuwa wakikifikiria. Meshaki alikwenda mjini kumwita Abubakary na watu wa kulivuta trekta.

Wakabaki wawili. Atuganile alikuwa amepiga magoti kwenye matope, ameipandisha suruali ya mumewe, analikanda goti kwa viganja vyake. Alikuwa amekuja mbio.

"Ulimwambia habari za goti langu," Andongwisye alisema.

Mikono ilisimama. "Hilo ndilo lililokupandisha juu ya lile dude?"

"Ulimwambia Lusungu."

"Nilimwambia fundi anayeuza matrekta kwamba mume wangu ana goti bovu. Ningemwambia nani? Mchungaji?"

Andongwisye alitazama mikono yake mwenyewe. Halafu, kwa kuwa alikuwa ametoka kuonja kifo na hakuona tena cha kuogopa, aliuliza. "Kama mzee angekuuliza wakati ule. Ungemchagua nani?"

Atuganile alipangusa tope mikononi. Matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye majani ya migomba iliyobaki.

"Ningemchagua Lusungu," alisema.

Alikuwa amelisubiri jibu hilo karibu maisha yake yote, na bado lilimchoma kama jipya.

"Nililia ng'ombe wake walipoondoka," Atuganile aliendelea, sauti yake ikiwa ya kawaida, kama anayeeleza bei ya viazi. "Nililia mwaka mzima nyumbani kwako, hukuona. Ulikuwa ukitoka asubuhi na kurudi jioni na gazeti. Halafu kilio kikaisha. Sijui siku gani. Tulia alikuwa na surua, ukakaa naye mgongoni ukizunguka nyumba mpaka kukacha, na mimi nikawa nakutazama. Labda ni siku hiyo. Wewe hukuniuliza, ningekwambia. Trekta umelifikiria tangu Juni, umeuliza kila mtu. Mimi hujaniuliza hata mara moja, mpaka leo umelala kwenye matope."

Alirudi kulikanda goti. Andongwisye alitaka kusema kitu kikubwa, lakini kilichomtoka ni, "Kile kitenge umeshona kwa ajili ya nani?"

Atuganile alimtazama kwa muda. "Kwa ajili ya kuvaa," alisema.

Abubakary alikuja na watu na kamba, akalitoa trekta lake, akakataa kupokea hata pole. Alisema lawama ni yake kwa kumpa mtu wa mlimani chombo cha bondeni. Na wiki iliyofuata mume na mke walikwenda Mbeya pamoja.

Safari hii Andongwisye alisimama kando. Atuganile ndiye aliyepita kwenye mstari. Aliinama akatazama chini ya kila moja kama anayenunua mbuzi, akauliza vipuri vinatoka wapi, akauliza tairi zikiisha atazipata wapi, akamfanya Lusungu aliwashe lile jekundu, alizime, aliwashe tena. Kisha akakunja kitenge, akapanda mwenyewe, akakaa. Miguu yake ilifika vizuri kwenye pedeli zote.

"Goti langu halina ubaya," alisema. "Nitaliendesha mimi."

Lusungu alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyefurahi kweli, na Andongwisye alihisi wivu ukimrudia upya, wote, kama vile hakuwahi kulala matopeni. Hata hivyo alisema, "Tulichukue."

Lusungu mwenyewe ndiye aliyelileta Kyimo na kukaa siku nzima kumfundisha Atuganile. Andongwisye aliletewa kiti akae kwenye kivuli cha nyumba. Kutoka hapo aliwaona wakienda na kurudi kwenye sehemu ya tambarare iliyo juu ya shamba, trekta likitembea mwendo wa mtu, mkewe amekaza macho mbele, na Lusungu akitembea pembeni, mkono wake ameuweka juu ya madigadi karibu kabisa na kiti. Mkono ule ulikuwa hapo bila sababu. Trekta halikuhitaji kushikwa. Andongwisye alivumilia mpaka wakageuza, wakaenda tena, na mkono ukiwa palepale. Ndipo aliposimama, akachukua fimbo yake, akateremka akichechemea waziwazi mbele ya macho ya majirani, akaenda upande wa pili wa trekta akaweka mkono wake kwenye madigadi ya upande huo. Wakatembea hivyo watatu mpaka mwisho wa shamba, hakuna aliyesema kitu isipokuwa Atuganile, aliyewaambia wote wawili wamwachie nafasi ageuze.

Jioni walikula ndizi na maharage. Andongwisye alimsindikiza mgeni mpaka barabarani kusubiri gari, ingawa goti lilikuwa likimwaka moto.

"Bado unampenda?" aliuliza.

Lusungu alitazama juu ya mlima Rungwe, mawingu yalikokuwa yakifunga. "Nilipenda msichana aliyekuwa akichota maji na dada zangu," alisema. "Yule simjui amekwenda wapi. Huyu mke wako amenibana kwenye bei mpaka nimetoka jasho." Akageuka kumtazama. "Lakini ukiniuliza kama niliumia, niliumia. Nilikaa Zambia miaka ile yote kwa sababu hiyo."

Hayakuwa maneno ya kumponya mtu, lakini yalikuwa ya kweli, na Andongwisye aliona kwamba siku hizi chache amesikia ukweli mwingi kuliko alivyousikia katika miaka yake yote ya posta. Gari lilipofika alimpa Lusungu mkono na kumshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," na alimaanisha.

Trekta jekundu lilidumu. Atuganile alilima nalo viazi, akavuta tela la ndizi mpaka barabarani, na baada ya muda majirani walianza kumkodi awalimie na wao, mpaka watu wa Lufingo wakawa wanamwita mama trekta. Andongwisye alikaa kwenye tela juu ya mikungu akimwelekeza mahali ambapo hakuhitaji kuelekezwa. Alijifunza kumuuliza mambo. Alimuuliza anafikiria nini, amelala vipi, anaimba wimbo gani, na mara nyingine Atuganile alimwambia anyamaze maana amechoka kuulizwa.

Kila mwaka, mvua zikikaribia, Lusungu alikuja kumwaga oili na kukaza breki. Siku hiyo Andongwisye aliamka mapema kuliko siku nyingine zote, akanyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi, na akaketi karibu kabisa na trekta mpaka kazi iishe.